Wauguzi Wangu Hunyamaza Kikaoni

SWALI

Mhariri, shikamoo. Mimi ni muuguzi, na tangu mwanzoni mwa mwaka huu nimekabidhiwa uongozi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya wilaya. Wauguzi wenzangu wananiheshimu na hakuna anayenipinga, lakini nikiuliza katika kikao cha asubuhi kama kuna tatizo, wote hunyamaza, kisha matatizo yale yale nayasikia yakizungumzwa wakati wa chai. Juzi mtoto mmoja alipewa dozi ya dawa mara mbili. Namshukuru Mungu hakudhurika, ila muuguzi mdogo wa zamu ile amekiri kwangu kwamba aliona kasoro kwenye faili kabla ya sindano kuchomwa, akaogopa kumwambia mkubwa wake. Nashauriwa nimwandikie huyo mdogo barua ya onyo ili wengine wajifunze. Nifanye nini?

Muuguzi, Mkoa wa Morogoro

JIBU

Marahaba, dada yangu. Barua hiyo usiiandike. Muuguzi huyo ameadhirika vya kutosha, na zaidi ya hapo, amekwambia ukweli ambao angeweza kuuficha. Ukimwadhibu, wenzake watajifunza kwamba aliyekiri kuwa aliona ndiye aliyeumia, na siku nyingine ukiuliza, hakuna atakayekuwa ameona kitu.

Ukimya wa namna hiyo umewahi kuwa sehemu ya msiba mkubwa. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife, wakafa watu 583. Ukungu ulikuwa mzito na mawasiliano ya redio yaliingiliana, lakini ndani ya chumba cha marubani wa KLM mhandisi wa ndege aliuliza kama ndege ile nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani mkuu, ambaye alikuwa miongoni mwa wakufunzi wakuu wa shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hakuna aliyeendelea kumbishia mtu wa hadhi ile. Baada ya ajali hiyo na nyingine za miaka ile, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wadogo kusema wanapoona hatari, na wakubwa wao kuwasikiliza. Nami naona fundisho la pili ndilo gumu zaidi.

Mfano mwingine uko mkoani kwako. Kati ya mwaka 2007 na 2008, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama wa upasuaji ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, Ifakara ikiwa mmojawapo. Kabla ya mgonjwa kupasuliwa, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, kuanzia daktari bingwa hadi muuguzi mgeni. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Sidai kwamba kutajana majina peke yake kulileta matokeo hayo, kwa sababu orodha ina mengi mengine, yakiwemo kutoa dawa za kuzuia maambukizi kwa wakati na kuhesabu vifaa. Lakini mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja mbele ya wakubwa haoni tabu sana kuitoa tena.

Kwa hiyo libadilishe swali lako la asubuhi. Anayeulizwa mbele ya watu kama kuna tatizo hujiona anatakiwa kumshtaki mwenzake, na sisi tumelelewa kutowajibu wakubwa, malezi ambayo siyabezi hata kidogo. Uliza jambo mahususi: usiku huu ni dawa ipi au faili lipi lililokutia shaka? Aanze aliye mdogo kuliko wote, nawe useme mwisho. Kubalianeni pia juu ya maneno ambayo mdogo anaweza kuyatamka bila kuvunja heshima, kwa mfano, "Dada, naomba tuangalie faili pamoja kabla hatujachoma," na iwe kanuni ya wodi kwamba yakitamkwa, sindano inasubiri, hata kama aliyetamka amekosea.

Katika yale yanayosemwa wakati wa chai, chukua moja lililo ndani ya uwezo wako, huenda ni ratiba ya zamu, ulirekebishe wiki hii. Lililo nje ya uwezo wako waeleze wazi ni kwa nini.

Kuhusu tukio lenyewe, liandikie ripoti ya tukio bila kumtafutia mtu lawama, kisha zungumza faragha na muuguzi mkubwa wa zamu ile. Akiwa radhi, yeye ndiye awaambie wenzake kikaoni kwamba angefurahi kama angezuiwa, maana neno hilo kutoka kwake litamfungua kinywa yule mdogo kuliko hotuba yako yoyote. Na wazazi wa mtoto, ikiwa bado hawajaelezwa, waelezwe leo na daktari, nawe uwepo.