Oksi ikilia upande mmoja, usikimbilie kununua redio

Ndugu wa Kakamega, umesema Probox yako ukichomeka simu kwenye oksi (AUX, tundu la redio la kuchomekea waya wa simu) inalia spika za kushoto peke yake, lakini ukiweka stesheni inalia pande zote, na fundi ameshakwambia utafute redio nyingine. Ngoja kwanza. Kama stesheni zinasikika kote, amplifaya ni nzima na spika ni nzima. Ubovu uko kati ya simu na redio, na mara nyingi ni pale pale pini inapoingia.

Yalinikuta hapa Kisumu. Haya magari ya Japani unayajua: redio zake hushika FM ya kwao, inayoanza megahezi 76 na kuishia 90 (za karibuni hufika 95), ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Unaambulia stesheni chache za mwanzo, basi. Kwa hiyo oksi ndiyo redio yenyewe. Nikienda Nakuru, waya ulikuwa umechomekwa tangu Ahero mpaka Mau Summit, na kila abiria wa mbele akijinyoosha anaugonga kwa goti. Pini ikisukumwa upande inafanya kazi ya mtaimbo: inang'oa miguu ya tundu (vile vyuma vidogo vinavyoliunga na bodi ya redio) kidogo kidogo kwenye risasi ya kulehemia iliyoishika, hadi siku moja upande mmoja unanyamaza.

Badilisha waya na simu kwanza, usije ukafungua dashibodi kwa ajili ya waya mbovu. Kisha chezesha pini polepole huku muziki unalia. Upande uliopotea ukirudi na kupotea tena, umeshampata mwizi. Na ukisikia vyombo vinalia vizuri lakini mwimbaji kama amezama kisimani, hapo ni mguu wa hasi uliokatika, si wa kushoto wala wa kulia. Mimi nilisikiliza ohangla isiyo na mwimbaji wiki nzima nikidhani nyimbo nilizopakua ndizo mbovu.

Kufungua: chomoa hasi ya betri kwa spana ya 10 na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu mifuko ya hewa huhifadhi umeme. Nyaya zenye soketi za manjano ni za mifuko hiyo. Usizichokoe hata kwa kuzipima. Kama redio yako ina namba ya siri, uwe nayo mkononi kabla hujakata umeme. Fremu ya plastiki inashikwa na klipu, na klipu hazipendi baridi. Yangu niliing'oa Nakuru saa kumi na mbili asubuhi, mbili zikavunjika papo hapo. Kisumu saa nane mchana plastiki imelainika yenyewe, unavuta tu kwa vidole.

Sasa tundu lenyewe. (Kwa Kiingereza huitwa jack, lakini dukani usiombe jeki, utaletewa ile ya kuinulia gari. Nimeshaonyeshwa.) Pini ya milimita 3.5 ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, sehemu ya nyuma ni hasi. Lakini pindua tundu uhesabu miguu. Langu lilikuwa na mitano. Ile miwili ya ziada ni swichi: pini isipokuwemo imegusana na mingine, pini ikiingia inaachana, na kwa baadhi ya redio hivyo ndivyo inavyojua kuna kitu kimechomekwa. Mimi sikuhesabu. Niliweka tundu la miguu mitatu la shilingi 50, redio ikakataa kabisa kwenda oksi. Kwa hiyo kabla ya kuyeyusha chochote, chukua multimita (kipimo cha umeme), weka kwenye mlio, inaolia sehemu mbili zikiwa zimeungana, na uandike mguu upi unalia na upi pini ikiwa nje, kisha ikiwa ndani. Tundu la miguu mitano nilikuja kulipata kwenye redio iliyokufa, pale Kibuye, muuzaji akiniambia, "Omera (ndugu yangu), chukua redio yote tu, nani atanunua iliyobaki?"

Ukiona ni ufa tu kwenye risasi, yeyusha upya, ongeza kidogo, umemaliza. Mimi niliamua kulihamisha kabisa, lisikae tena penye magoti. Nilipitisha waya wenye ngao (uliozungushiwa wavu wa kuzuia kelele za umeme), kama futi mbili, kutoka kwenye bodi ya redio hadi kando ya breki ya mkono, na nikaufunga kwa kibano cha plastiki nyuma ya dashibodi ili ukivutwa, kivutwe kibano, si bodi.

Kosa langu kubwa likawa hapo. Tundu jipya lilikuwa na mwili wa chuma, nikalikaza kwenye bati. Hasi ya oksi ikagusa bodi ya gari mahali pa pili, na nilipowasha injini ukaanza mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, kama mbu anayeendesha pikipiki. Huo ni uchafu wa umeme wa altaneta (ile inayochaji betri) unaopenya kupitia njia mbili za hasi. Nilibadilisha tundu la plastiki, mlio ukaisha. Ukarudi nilipochomeka chaja ya simu kwenye gari, kwa sababu simu nayo sasa imeungana na hasi ya gari kwa njia nyingine. Dawa yake ni kile kisanduku cha kutenganisha hasi, ndani kina transfoma mbili ndogo, unakiweka katikati ya waya wa oksi. Cha bei rahisi sana hupunguza besi kidogo, lakini afadhali hivyo kuliko mbu.

Kwa Probox yako ningeanza na kuchezesha pini leo jioni, kabla hata ya kutafuta bisibisi. Tundu langu la zamani bado liko pale pale mbele, nililiziba kwa kifuniko cha kalamu, na abiria bado wanajaribu kuchomeka simu humo.