"Interest": ni riba, maslahi au hamu?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa kazi ya kutafsiri katiba ya chama cha akiba na mikopo kutoka Kiingereza. Neno "interest" limetokea mara tatu na kila mahali linanisumbua. Kifungu kimoja kinasema: "Any committee member who has an interest in a matter under discussion shall declare that interest and shall not vote." Mimi nimeandika "mjumbe yeyote mwenye hamu na jambo linalojadiliwa atatangaza hamu hiyo na hatapiga kura". Mwenzangu anasema chama ni cha fedha, kwa hiyo hapo ni riba. Kifungu kingine kinasema "Interest shall accrue daily on late payments", na cha tatu kinaanza na "In the interest of transparency". Neno moja linawezaje kuwa na sura zote hizi, na nitajuaje ipi ni ipi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na kifungu cha kwanza, maana hicho ndicho chenye hatari. Ukiacha "hamu", katiba itamzuia kupiga kura mjumbe anayeipenda kazi yake, na itamruhusu yule iliyemkusudia kumzuia. Chukua kamati inayochagua mtu wa kuiuzia ofisi kompyuta, na mmoja wa wauzaji walioomba ni mke wa mjumbe. Mjumbe huyo anaweza kuwa anapiga miayo kikao kizima, hamu hana hata chembe, lakini "interest" anayo. Jirani yake amesoma makabrasha yote usiku kucha na ana maswali kumi. Huyo ana hamu tele, na kura yake ni halali kabisa.

Kinachoulizwa pale ni kama kuna kitu cha mjumbe ndani ya jambo lenyewe: likipita au likikataliwa, yeye au mtu wake wa karibu atapata au atapoteza. Kwa Kiswahili hayo ni maslahi, na hali hiyo huitwa mgongano wa maslahi. Andika hivi: "Mjumbe yeyote wa kamati mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa atayaweka wazi maslahi hayo na hatapiga kura." Mwenzako ameongozwa na aina ya chama. Hilo huwapata wengi, lakini fani ya waraka haitoshi kuamua maana ya neno.

Sasa asili yake, kwa sababu ukiijua hutalazimika kukariri orodha. Kilatini kina kitenzi "interesse", yaani kuwa katikati, na pia kuleta tofauti au kujali kitu. Katika Zama za Kati wanasheria wa Ulaya walilitumia kwa jambo mahususi. Mdaiwa akichelewa kulipa, mdai hupata hasara, na hasara hiyo ni pengo lililo katikati ya hali aliyonayo na hali ambayo angekuwa nayo kama angelipwa kwa wakati. Fidia ya pengo hilo ndiyo iliyoitwa "interesse". Kanisa lilikataza kukopesha kwa faida, jambo lililoitwa "usura", lakini fidia ya kucheleweshewa ilikubalika. Taratibu jina la fidia likahamia kwenye malipo yote ya mkopo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1545 chini ya mfalme Henry VIII, iliruhusu malipo hayo yasizidi asilimia 10 kwa mwaka. Maana ya hamu na mvuto ilikuja baadaye: kitu kinachokugusa, akili nayo hukielekea.

Hapa napenda kusimama kidogo. Neno letu "riba" tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kuzidi, kukua. Kiingereza kiliitazama fedha hii kutoka upande wa pengo la mdai, sisi tunaitazama kutoka upande wa mali inayoongezeka. Ndiyo maana Kiswahili hakiwezi kutumia neno moja kwa riba na maslahi, na wala hakihitaji. "Maslahi" nalo ni la Kiarabu, na ndani yake mna wema na manufaa.

Kifungu chako cha pili, basi, kimebeba maana kongwe kabisa ya neno hili katika fedha: malipo yaliyochelewa. Hapo ni riba bila shaka. Lakini tahadhari na "accrue daily". Nimeona watu wakiandika "riba italimbikizwa kila siku", na msomaji akaelewa riba inayozaa riba. Kiingereza hakijasema hivyo, kimesema tu kwamba riba inaongezeka siku hadi siku. Tofauti si ndogo: mkopo wa 1,000 kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 3, unazaa riba ya 300 ikihesabiwa juu ya mtaji peke yake, na 331 ikihesabiwa juu ya riba pia kila mwaka. Mimi ningeandika: "Malipo yaliyochelewa yatatozwa riba itakayohesabiwa kila siku." Halafu ningewauliza waliotunga katiba kama walikusudia riba juu ya riba. Kama ndivyo, waseme wenyewe. Mfasiri asiwatungie wanachama deni.

Utajuaje ipi ni ipi? Tazama majirani wa neno. Riba kwa Kiingereza haihesabiki: haipokei "an" mbele wala "s" nyuma, na mara nyingi hufuatwa na "on" au hutanguliwa na kiwango. Ukiona "an interest" au "interests", riba iondoe akilini, ila "an" ikiwa ni ya neno linalofuata, kama "an interest rate", hapo bado ni riba. Ukiona "interest in", uko kwenye hamu, maslahi, hisa au haki, na hapo angalia kinachofuata "in". "An interest in music" ni mapenzi ya muziki. "A 30 per cent interest in the company" ni hisa, asilimia 30 ya kampuni. "An interest in land" ni haki katika ardhi, iwe ya mwenye ardhi, mpangaji au aliyekopesha kwa dhamana ya ardhi hiyo. Wengi huandika "maslahi katika ardhi", na si kosa, ila "haki" inamfikia msomaji haraka zaidi.

Kwenye bima utakutana na "insurable interest", na watu hukwama hapo. Maana yake ni kwamba huwezi kukata bima juu ya kitu au maisha ambayo yakipotea wewe hupotezi chochote. Zamani Uingereza watu walikata bima juu ya maisha ya wasiowahusu, kama kamari, wakisubiri wafe. Sheria ya mwaka 1774 ilikomesha hilo kwa kudai mkataji awe na "interest" katika maisha hayo. Pengo lile lile la wanasheria wa zamani: bila hasara hakuna fidia. "Maslahi ya kibima" linafaa, mradi ulieleze mara ya kwanza.

Maana ya hamu, nayo, usiifuate nomino kwa nomino. Kiswahili hapo hupenda kitenzi. "He lost interest" ni "hamu ilimwisha" au "alichoka nalo". "She takes an interest in her son's studies" ni "anafuatilia masomo ya mwanawe". Kichwa "Interests" kwenye wasifu wa mwombaji kazi ni "Mambo ninayoyapenda". Nimewahi kuletewa wasifu ulioandikwa "Maslahi" mahali hapo, na ulisomeka kama mwombaji anadai mshahara kabla hajaitwa.

Jihadhari pia na "disinterested", ambalo hata wenye lugha yao hulichanganya na "uninterested". Katika maandishi ya sheria, la kwanza ni mtu asiye na maslahi katika kesi, yaani asiyeegemea upande. La pili ni asiyejali. Msuluhishi wa mgogoro anatakiwa awe wa kwanza, na ukimwita "asiyejali" umemharibia jina.

Kifungu chako cha tatu ni chepesi. "In the interest of" ikifuatwa na sifa au lengo, kama uwazi, usalama au muda, inataja tu sababu ya kufanya jambo. Andika "Ili kuwe na uwazi" au "Kwa ajili ya uwazi". "Kwa maslahi ya uwazi" inaeleweka, lakini uwazi hauna cha kupata wala kupoteza. Maslahi yaache yabaki kwa wenye nayo: "in the interest of the members" utaandika "kwa maslahi ya wanachama", na "in the public interest" ni "kwa maslahi ya umma". Na kwa kuwa umesema neno limetokea mara tatu, pitia waraka tena ukitafuta "interested party". Katiba za namna hii mara nyingi huwa nalo kwenye sehemu ya migogoro, na huyo ni mhusika mwenye maslahi, awe anavutiwa na kesi au la.