Usiogope Kusikia Mtoto Atakatwa Pafu

Wiki iliyopita mama mmoja wa Tabora aliniandikia: "Dada, daktari anataka binti yangu wa miaka 7 akatwe kipande cha pafu. Si saratani, si TB. Mama mkwe amekataa kabisa, anasema mtu haishi na nusu pafu. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe ule nikalia, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi na shangazi wa mume wangu.

Mwanangu aliugua surua kabla hajafika miaka 2, ikamwachia nimonia. Tangu hapo kikohozi hakikukoma. Kila alfajiri alikuwa akitoa makohozi mazito ya kijani yenye harufu ya kujaza chumba, hadi shuleni wenzake wakawa wanahama dawati. Alimezeshwa dawa za TB miezi 6, akarudiwa tena miezi 6, wakati kipimo cha makohozi hakikuwahi kuonyesha TB hata mara moja. Hili linaniuma mpaka leo. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko, na hakuna aliyezitazama.

Aliyezitazama ni daktari mmoja kijana, ndiye akaagiza picha ya CT, ile inayopigwa kwa mashine kuonyesha mapafu kwa ndani, safu kwa safu. Njia za hewa kwenye kipande cha chini cha pafu la kushoto zilikuwa zimetanuka na kulegea, makohozi yanatuama humo kama maji kwenye mtaro ulioziba. Ugonjwa huo unaitwa bronkiektasisi. Tukaambiwa pale pameharibika na hapaponi tena, kwingine kote pazima, dawa zimeshindwa, dawa pekee iliyobaki ni kisu. Shangazi akasema nataka kuua mtoto wa ukoo. Nikanyamaza mwaka mzima, na mwaka huo mtoto akalazwa mara 4.

Mama wenzangu, hiyo "nusu pafu" si kweli. Pafu la kulia lina vipande 3, la kushoto 2. Kinachotolewa ni kile kilichooza, ambacho tayari hakimsaidii mtoto ila kumwaga usaha kwenye vipande vizima. Kinachobaki hutanuka kujaza nafasi, na kwa mtoto mdogo vifuko vya hewa bado vinaendelea kuongezeka.

Kabla ya upasuaji nilifundishwa kumlaza kifudifudi mapajani, kichwa chini, nikunje kiganja kama wa kuteka maji, nimpigepige mgongoni makohozi yashuke. Asubuhi na jioni, wiki mbili. Siku yenyewe aliingia saa 2 asubuhi, akatoka saa 7 mchana, mpira umetoka ubavuni hadi kwenye chupa ya maji sakafuni. Kila akikohoa, maji yanatoa mapovu. Nilipiga kelele! Muuguzi akanishika bega: "Mama, hiyo ni hewa inatoka kifuani, na maji yanaizuia isirudi." Basi nikawa nakesha nahesabu mapovu. Siku ya tatu yakakoma, ya nne mpira ukatolewa.

Kwa hiyo muulizeni daktari: ugonjwa uko sehemu moja tu? Dawa zimejaribiwa vya kutosha? Atakayepasua amezoea vifua vya watoto, na ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ipo? Kama umeenea mapafu yote mawili, mara nyingi kisu hakisaidii, msilazimishe. Lakini kikohozi cha makohozi kikipita wiki nne, usikubali kuambiwa ni mafua. Dai picha. Dai tena. Mtoto ni wako, na wanaokukataza hawatakuwepo saa 9 usiku akikosa pumzi. Mimi nilisikiliza watu badala ya picha, na mwanangu ndiye aliyelipa mwaka ule.

Sasa ana miaka 10. Mwezi uliopita alikimbia mita 400 shuleni akawa wa pili, nami nililia uwanjani mbele ya walimu wote bila aibu.

Dada wa Tabora, nimekujibu pia kwa simu. Ile picha ya kovu ubavuni, mwanangu mwenyewe ndiye aliyeomba nikutumie, binti yako alione.