Swali la lugha: "Futa tepu kila Ijumaa" ina kosa gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Tanga, nafanya kazi chumba cha seva kwenye ofisi moja na nimepewa kazi ya kuandika maelekezo ya Kiswahili ya kutunza tepu za bakapu (zile za nakala za akiba za data) pamoja na draivu zake, yani mashine zinazozisoma na kuziandika, sisi tunatumia tepu za aina ya LTO, yabandikwe ukutani kila mtu ayaone. Bosi anataka niandike utepe na kiendeshi, hataki tepu na draivu. Alafu kuna sehemu nimeandika "Futa tepu kila Ijumaa" nikimaanisha kutoa vumbi, mwenzangu kaiona kasema hiyo karatasi itatupotezea data. Sasa Kiswahili sahihi hapo ni kipi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Huyo mwenzako yuko sahihi kabisa, usiibandike hiyo karatasi kwanza.

Nianze na la bosi kwasababu ndo jepesi. Tepu na draivu yaache, ni maneno ya Kiswahili tayari, watu walikua na tepurekoda majumbani zamani kabla hata kompyuta hazijafika maofisini, fundi umeme ana tepu yake mfukoni, na maneno yote mawili yanakaa vizuri tu kwenye ngeli ya i-zi: tepu hii imejaa, tepu hizi zimejaa, draivu hii imekwama. Utepe nalo ni neno zuri sana ila mtu akilisikia picha ya kwanza inayomjia ni kile kitambaa anachokata mgeni rasmi, na wingi wake ni tepe, sasa mwambie askari akuonyeshe tepe uone atakuonyesha nini. Mkanda ni wa kiunoni, au ule wa video tuliokua tunaazima. Kanda ndo usiguse, maana kuna kanda za kaseti na kuna Kanda ya Kaskazini na Kanda ya Ziwa, ripoti ikisema "kanda mbili hazina bakapu" meneja ataelewa ni ofisi za mikoani.

Ila bosi wako mpe utepe wake mahali unapofaa kweli. Ile kasha ya plastiki unayoishika mkononi iite tepu, na ule uzi mpana wa nusu inchi uliozungushwa ndani yake uite utepe. Kwenye LTO-9 utepe huo unazidi mita 1,000 na unabeba terabaiti 18 kabla data haijabanwa, kwahiyo unastahili kua na jina lake mwenyewe. Ukitenganisha hivyo unaweza kuandika "tepu ikidondoka, angalia kama pini ya utepe imekaa mahali pake kabla hujaiingiza kwenye draivu" na kila mtu akaelewa unaongelea kipande gani, pini yenyewe ni kile kipande kidogo cha mwanzo wa utepe ambacho draivu inakishika ili iuvute. Pini ikiwa imechomoka na mtu akaisukuma hivyo hivyo ndani, draivu inakwama, wakati mwingine inaula utepe, na kula hapo ni neno sahihi, tulilitumia kwa redio kaseti na bado linafaa. Kiendeshi sina ugomvi nalo, shida yake ni kwamba linakaribiana mno na kiendeshaji ambalo wengine wanalitumia kwa ile programu inayoifanya kompyuta iitambue mashine, na kwenye karatasi ya ukutani maneno mawili yanayofanana namna hiyo sio mazuri.

Sasa tuje kwenye vitenzi, maana hapa ndo data inapopotelea na hapa ndo nataka usome taratibu.

Kufuta kwetu ni kupitisha kitambaa, futa meza, futa machozi, futa vumbi. Kufuta vile vile ni kuondoa kilichoandikwa, futa ubao, futa meseji. Maana zote mbili ni halali, zote ni za kila siku, na zote zinaingia kwenye "futa tepu". Kijana mpya akiikuta hiyo karatasi Ijumaa jioni bosi hayupo, atachukua kitambaa au ataenda kwenye programu ya bakapu achague tepu zote azifute? Sentensi yako haimwambii. Kwenye chumba cha seva kitenzi kufuta kiachie data peke yake, na vumbi la nje ya kasha lipewe kitenzi chake ambacho tunacho tangu zamani, kupangusa. "Pangusa kasha la tepu kwa kitambaa kikavu." Mtu hawezi kupangusa data hata akitaka.

Na kitenzi kufuta ukishakiachia kazi ya data, kitenganishe na kuua. Kuna ofisi zina mashine ya sumaku kali ya kuharibu tepu za zamani, watu wanasema "tumefuta kwa sumaku" alafu mwingine anaona imefutwa basi itumike tena. Tepu ya LTO haitumiki tena baada ya hapo, kwasababu kiwandani utepe unaandikwa alama za kuiongoza draivu ikae kwenye mstari, sumaku ile inaziondoa na alama hizo, na draivu yako haina uwezo wa kuziandika upya. Kwahiyo daftarini iandikwe "imeuliwa kwa sumaku", sio "imefutwa". Imefutwa maana yake inaweza kuandikwa tena.

Kusafisha nako kuna mtego. Nimeona watu wengi wanaandika "tepu ya kusafisha" wakimaanisha ile tepu maalum unayoiingiza kwenye draivu ili isafishe hedi, kile kipande kinachogusana na utepe kusoma na kuandika data. Angalia maji ya kunywa na maji ya kuogea. Ya kunywa yanayonywewa ndo maji yenyewe, ya kuogea ni ya kufanyia kazi, kinachooga ni mtu. Kile ki-e na ki-i tunachoongeza mwishoni mwa kitenzi, kauli ya kutendea, ndo kinabeba tofauti yote. Basi tepu ya kusafisha ni tepu ambayo wewe unatakiwa uisafishe, na tepu ya kusafishia ni tepu unayoitumia kusafisha kitu kingine. Andika kusafishia kila mahali, bila kuchoka, kuanzia kwenye lebo mpaka kwenye oda ya manunuzi.

Na kinachosafishwa kitajwe. "Tepu imesafishwa" haina maana, utepe wa LTO hausafishwi na mtu yeyote pale ofisini, kinachosafishwa ni hedi ya draivu. Tena sio kila Ijumaa. Draivu yenyewe inaomba, ina kitaa chake, na zile za IBM zinaandika herufi C kwenye kile kidirisha kidogo, ukisafisha kila mara bila kuombwa unaikwangua hedi bure kwasababu utepe wa kusafishia ni mkali kuliko wa kawaida. Na tepu ya kusafishia ina idadi yake ya kutumika, nyingi za LTO ni mara 50, ikiisha haisafishi tena hata ukiiingiza. Kwahiyo daftari liseme: "Draivu ya 2 imesafishwa, tepu ya kusafishia imetumika mara ya 17." Hapo hapo nikuombe, hedi uiandike h-e-d-i, sio hedhi, neno lile lina dh na ni la mwili wa mwanamke, nimeliona kwenye ripoti rasmi na ni kukosa umakini tu.

Neno lingine la kuliangalia ni imeisha. "Tepu imeisha" kwa mmoja ni imejaa, kwa mwingine imechakaa, kwa mtunza stoo ni kwamba kabatini hakuna. Unayo maneno matatu, imejaa, imechakaa, zimekwisha stoo, yatumie. Iliyojaa inakaa kabatini na data yake, iliyochakaa inahamishiwa data kwenye tepu nyingine haraka, ukichanganya hizo mbili umechanganya salama na hatari.

Alafu rudisha. "Rudisha tepu ya Machi", irudi kabatini au data yake irudi kwenye seva? Tepu irudishwe, data irejeshwe, amua hivyo na msivunje. Kurejesha ndo sababu ya kazi yote hii, Februari 2011 Google walipata hitilafu baadhi ya watu wakakuta Gmail zao tupu, na barua zile zilirejeshwa kutoka kwenye tepu, maana nakala za kwenye diski nazo ziliguswa na hitilafu hiyo. Sasa fikiria siku kama ile karatasi yenu inasema rudisha na kila mtu anaelewa lake.

Draivu ikipata data polepole kuliko mwendo wake utasikia utepe unaenda, unasimama, unarudi nyuma kidogo, unaenda tena, na hiyo inachosha utepe na hedi pia. Watu wananiuliza jina lake, mi nasema tunalo, draivu inasuasua. "Draivu ikisuasua, punguza kazi nyingine za seva au mpigie fundi." Huhitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu ule mpango wa zamu ambao tepu za kila siku ni mwana, za wiki ni baba, za mwezi ni babu, andika tepu mwana, tepu baba, tepu babu, bila "ya", maana "tepu ya babu" ni mali ya babu. Na upatanisho unafuata tepu: tepu baba imejaa, sio amejaa.

La mwisho hujaliuliza ila wewe ni mtu wa pwani utalielewa haraka. Lebo. Bakapu nyingi zinaanza usiku mnene, saa nane hivi, kompyuta inaandika 02:00. Mtu akiandika kwenye lebo "usiku wa Jumamosi saa 2", kuna mzee wa kwetu atakwambia usiku wa Jumamosi ni ule unaoanza Ijumaa jua likizama, na kijana atakwambia ni Jumamosi yenyewe ikishaingia giza, na saa 2 usiku kwa Kiswahili ni 20:00. Mnaweza mkarejesha data ya siku isiyo yenyewe kabisa. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi, 02:00" na tarehe kamili kwa namba, saa iwe ya kompyuta yenye tarakimu nne.

Kwahiyo sehemu yako ile iandike hivi: "Pangusa makasha ya tepu kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu. USIFUTE data bila sahihi ya msimamizi. Draivu isafishwe ikiomba tu, kwa tepu ya kusafishia. Tepu za kutunza muda mrefu zikae kwenye nyuzi 16 mpaka 25 na unyevu wa asilimia 20 mpaka 50. Tepu iliyotoka nje ipumzishwe chumba cha seva saa 24 kabla ya kuingizwa kwenye draivu." Hiyo ya unyevu kwa Tanga muisimamie kwa nguvu zote, na kipima unyevu kiwe ndani ya kabati lenyewe, sio mlangoni.