Taulo imetundikwa, imebadilishwa vilevile

Mgeni mmoja wa hoteli yetu alishuka mapokezi asubuhi yake ya tatu, kadi yetu ya bafuni mkononi. Kadi ilimwomba atundike taulo kama yuko tayari kuitumia tena, atusaidie kutunza mazingira. "Nimetundika siku mbili," akasema, "na siku zote mbili mmeniletea mpya." Sikuwa na jibu. Nilipowauliza wahudumu wa vyumba, walinieleza bila kupepesa macho: msimamizi akikuta taulo ya jana, wanaogombezwa ni wao. Kadi niliichapisha mimi. Fomu ya ukaguzi wa vyumba sikuwa nimeigusa.

Ndiyo maana mwenye hoteli au nyumba ya wageni akiniuliza aanzie wapi kutunza mazingira, humwambia aanze na wanaotandika vitanda, mchora mabango atasubiri. Rekebisha fomu kwanza. Kisha soma mita. Sisi tulianza kuandika daftarini umeme na maji ya kila siku, pembeni tukiweka idadi ya vyumba vilivyolala watu, kwa sababu bili ikishuka wakati wageni wamepungua hujaokoa chochote. Wiki haikuisha daftari likatufichulia kwamba maji yalikuwa yakitembea usiku, watu wote wamelala. Vyoo viwili vilivuja kimyakimya ndani ya tangi. (Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji, rangi ikitokea bakulini baada ya robo saa, mpira wa ndani umechoka.) Fundi alimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya hapo hamia kwenye maji ya moto na viyoyozi, maana huko ndiko nishati nyingi inakoishia. Taa za LED, ambazo hutumia umeme pungufu kwa takriban asilimia 75 kuliko balbu za zamani, ziweke, ila usizitangaze. Ni kama kutangaza kwamba vyumba vyako vina milango.

Sasa maneno. Mwaka 1986 Mmarekani Jay Westerveld aliandika kuhusu kadi hizihizi za taulo: hoteli zinapunguza gharama ya kufua huku zikijifanya zinaokoa dunia. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa neno la Kiingereza "greenwashing", yaani kujipaka ukijani. Wageni wanaijua hila hiyo siku nyingi, kwa hiyo mimi niliamua kukiri. Kadi mpya inasema tunaokoa maji na sabuni, na bili yetu nayo inapungua. Hakuna aliyelalamika.

Namna ya kuomba nayo ina uzito. Katika utafiti wa Noah Goldstein na wenzake uliochapishwa 2008, kadi ya kawaida ya kutunza mazingira iliwafanya asilimia 35 hivi ya wageni warudie taulo. Iliyosema wageni wengi hurudia ilifikisha 44. Katika jaribio la pili, waliotajiwa wageni waliolala chumba hichohicho walifika 49. Tumia mbinu hiyo, lakini hesabu kwanza. Kama kwako wengi hawarudii, umeandika uongo.

Kuhusu nembo za utunzaji wa mazingira, uliza nani alikuja kukagua. Global Sustainable Tourism Council, baraza la kimataifa la utalii endelevu, kwa mfano, haizipi hoteli vyeti. Inaweka vigezo na kuzipa ithibati taasisi zinazokagua, na vigezo hivyo vinagusa pia ajira na utamaduni wa wenyeji. Anayewauzia watu wa Ulaya ajue kuwa kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, kanuni za Umoja wa Ulaya zinakataza maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" yasiyo na uthibitisho.

Ukurasa wetu wa mtandaoni umebaki na mistari mitatu: maji kwa kila chumba kilicholala mgeni, mwaka huu na mwaka jana; umeme vivyo hivyo; na mmoja usemao kwamba maji ya moto bado tunayachemsha kwa gesi. Huo wa tatu ndio wageni wanaouulizia zaidi mapokezi.