Ukienda kwenye bustani ya makaburi ya vita, nenda na jina la mtu

Ukitoka mjini Dar es Salaam kuelekea Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo, unayapita makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Maelfu ya watu huyapita kila siku, asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi, na wengi hawajawahi kuingia. Mimi huingia. Na kwa kuwa kila nikitoka huwa nasimulia, marafiki wamezoea kuniuliza: Wanaruhusu mtu yeyote? Kuna nini cha kuangalia? Si wamelala Wazungu tu pale? Nimeona niwajibu wote hapa kwa pamoja.

Wanaruhusu mtu yeyote, na hakuna kiingilio. Wazungu wapo, Wahindi wapo, Waafrika wapo, na hata waliokuwa maadui zao, Wajerumani, wapo humohumo. Cha kuangalia kipo kingi, ila hutakiona ukiingia kama mtu anayepita kwenye bustani ya kupumzikia.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kuliko yote ni huu: nenda na jina la mtu mmoja. Kama ukoo wenu una mtu aliyekwenda vitani, iwe ile ya 1914, iwe ya Burma, iwe ya Kagera, chukua jina lake. Kama hamna, au hamjui, ukifika chagua jiwe moja na ukae nalo. Mtu akijaribu kuwakumbuka wafu elfu mbili kwa mpigo hamkumbuki hata mmoja. Akili inachoka, macho yanateleza juu ya mawe, na baada ya dakika kumi unajikuta unaangalia saa.

Jina ninalokwenda nalo mimi ni la babu mzaa babu yangu. Alitoka Ugogo, akachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye vita ile ya 1914, hakurudi. Sisi nyumbani tunaijua vita ile zaidi kwa njaa kuliko kwa bunduki. Majeshi ya pande zote mbili yalipita yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana, kisha mvua ikagoma. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya, ikaanza 1917 na kuendelea hadi 1920, na wanahistoria wanakadiria kwamba iliua watu wapatao 30,000. Bibi yangu alikuwa akitaja Mtunya kwa sauti ya chini, na jina la baba mkwe wake lilikuwa linakuja hapohapo, kana kwamba mtu na njaa ni habari moja.

Jina lake halimo kwenye makaburi yale. Nilikwisha kulitafuta. Bado nakwenda nalo, na nitaeleza kwa nini.

Makaburi yenyewe hayakuanzia hapo yalipo. Mwaka 1968, serikali ilipotaka kujenga barabara mpya, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishwa kutoka makaburi ya zamani ya Ocean Road yakaletwa hapa. Miaka ya mwanzo ya 1970 yakaongezwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako utunzaji ulikuwa umeshindikana. Leo kuna zaidi ya watu 1,700 wa vita ya kwanza na arobaini na kitu wa vita ya pili. Ndani ya eneo hilohilo kuna pia ukumbusho wa Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917 na makaburi yao hayajulikani.

Sasa simama mbele ya jiwe moja ulisome polepole. Utaona nembo ya kikosi, namba ya askari, cheo, jina, tarehe ya kufa, mara nyingine na umri. Chini kabisa, kwa baadhi, kuna maneno machache ambayo familia iliruhusiwa kuyaongeza, yasiyozidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa. Huwa nayasoma yale maneno ya chini kwanza. Hapo ndipo cheo na namba vinapoisha na anaanza kusema mama, au mke, aliyepokea barua akiwa mbali kabisa na Rufiji au Kilwa, akakalishwa mezani achague herufi 66 za kumuaga mtu wake.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye kuta za makaburi ya pamoja. Usiondoke bila kufika. Wakati wa kuhamisha kutoka Ocean Road ilikutwa kwamba sehemu walizozikwa Waafrika Wakristo, wasio Wakristo na Waislamu hazikuwa na alama ya kila mtu peke yake. Basi wakazikwa upya kwa makundi, kila kundi na ukuta wake. Tembea kutoka kwenye lile jiwe la herufi 66 hadi kwenye ukuta, ni hatua chache tu, na utakuwa umeielewa vita ile kuliko ukisoma kurasa mia moja.

Wapagazi ndio walioibeba vita ya Afrika Mashariki, na nasema walioibeba kwa maana ya vichwa na mabega. Barabara hazikuwepo, mbung'o waliua punda na farasi, kwa hiyo risasi, unga, dawa, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, vyote vilitembea juu ya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa kwa risasi ni wachache: wengi waliondoka kwa kuhara damu, malaria, baridi ya milimani na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Tume ya Makaburi ya Vita, inayoyatunza makaburi haya, iliundwa 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Huku kwetu ahadi hiyo haikutimizwa. Askari na wapagazi Waafrika iliamuliwa wakumbukwe kwa sanamu za jumla, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ni wa Afrika Mashariki na Misri.

Babu mzaa babu yangu yumo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana nalileta jina lake pale na kulitamka kwa sauti, mbele ya ukuta wa watu ambao pengine alilala nao kambi moja. Sidhani kuna mahali pengine mjini hapa panapomfaa zaidi. Nawe ukiwa na jina la mtu wa aina hiyo, litamke. Usione haya. Wafanyakazi wa bustani wamekwisha kuona watu wakilia, wakisali, wakiimba. Hawakushangai.

Mambo madogo ya kuzingatia. Nenda asubuhi siku ya kazi, jua halijawa kali na wanaotunza bustani wapo. Salimia getini kama unavyosalimia ukiingia msibani, usipite kama uko dukani. Mavazi ya heshima yanatosha, si lazima nyeusi. Simu iwe kimya. Picha piga ukitaka, lakini usijipige wewe ukitabasamu ukiwa umeegemea jiwe la mtu, na usikalie mawe. Kuhusu sala, kila mtu kwa imani yake: Muislamu atatoa salamu kwa watu wa makaburini na kuomba dua, Mkristo atasali, asiye na dini atanyamaza. Wote hao wamo ardhini pale. Na uliza wanaofyeka na kupalilia. Wanajua kona ambazo wageni hawafiki.

Watoto wapelekeni. Wazazi wengi wanaogopa, wanadhani mtoto ataota ndoto mbaya. Nilikwenda na mtoto wa kaka yangu, wakati huo yuko darasa la tano. Alizunguka kimya, akasoma majina ya Kiingereza, akasoma ya Kihindi, akakutana na ya Kijerumani, akarudi mbio.

"Shangazi, hawa si ndio walikuwa wanapigana nao?"

"Ndio hao."

"Sasa mbona wamewekwa pamoja?"

Nikamwambia walikufa kwenye vita moja na sasa ardhi ni moja. Akaendelea kuniuliza: na sisi tulikuwa upande gani? Hapo nikakaa naye chini kwenye majani, maana hilo swali halijibiwi mtu akiwa amesimama. Nikamweleza kwamba askari Waafrika walikuwepo jeshi la Mjerumani na walikuwepo jeshi la Mwingereza, wakapigana wao kwa wao kwa miaka minne kwa ajili ya wafalme wa mbali, na kwamba babu yake alibeba mizigo tu, hakuulizwa upande. Ukimpeleka mtoto, acha swali lake likuongoze. Usimhubirie.

Ukitoka hapo, kama nguvu bado unazo, rudi mjini uipitie sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Iliwekwa 1927, na nyingine za kukumbuka vita hiyohiyo ziko Nairobi na Mombasa. Watu wanaitumia kuelekezana njia na kupangia miadi. Isogelee usome maandishi yake, yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, na mengine kwa herufi za Kiarabu. Wapagazi wametajwa humo kuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mpagazi hata mmoja hakuna. Ukiwa umetoka kusoma majina kwenye mawe, utaliona pengo hilo mara moja, na ndiyo sababu nashauri uende makaburini kwanza na kwa Askari baadaye.

Kuna wanaoniuliza siku nzuri ya kwenda. Novemba, Jumapili ya pili, ni siku ya kumbukumbu ya Jumuiya ya Madola, kunakuwa na mabalozi na mashada. Julai 25 ni Siku ya Mashujaa yetu, na Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, wengine wakafuata na sime, upinde na mshale, shoka. Sherehe hizo ni nzuri, zihudhurie. Lakini kwa kutafakari chagua siku isiyo na gwaride.

Na kama uko Kagera, huna haja ya kusubiri kuja Dar. Nenda Kaboya, Muleba, walikozikwa wanajeshi wetu wa vita ya 1978 na 1979. Pale hadithi ni tofauti, kwa sababu wenzao waliopigana nao bado wako hai mitaani kwetu, wanalima, wanachunga wajukuu, wanapanga foleni ya pensheni. Ukimpata mzee wa namna hiyo, mwombe mwende wote. Mpe shikamoo yake, mchukulie usafiri, mbebee maji. Usimuulize aliua wangapi. Muulize aliyekuwa karibu naye kwenye handaki alikuwa nani, anatoka wapi, alipenda nini. Wazee wengi hawajawahi kuulizwa hilo hata na watoto wao, na wanapoanza kusema huwa wanasema kwa saa nzima.

Jambo la mwisho linafanyika nyumbani. Tume ya Makaburi ya Vita ina orodha yake kwenye intaneti, unatafuta jina bila malipo. Usipolipata usidhani mtu wenu hakuwepo. Tangu ripoti ile ya 2021 kazi ya kuwatafuta walioachwa inaendelea, na inazaa matunda: Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa watu weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliohudumia jeshi vita ya kwanza, kila mmoja na nguzo yake ya mvule na jina lake juu yake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye. Majina hayo yalipatikana kwa sababu yaliandikwa mahali fulani na karatasi hazikuchomwa.

Kwa hiyo chukua daftari ukae na mkubwa wa ukoo wenu, shangazi au babu mdogo, yeyote anayekumbuka. Andika jina la mtu wenu kama lilivyotamkwa nyumbani na kama lilivyoweza kuandikwa na karani wa kizungu, maana hayo mara nyingi hayafanani. Andika jina la baba yake, kijiji, jina la jumbe au mtemi wa wakati ule, aliondoka na nani, na mara ya mwisho alisikika yuko wapi. Kama kuna nishani sandukuni, ipige picha mbele, nyuma na pembeni kwenye ukingo, kwa sababu kwenye nishani za vita ya kwanza namba na jina la askari mara nyingi vimechongwa pale kwenye ukingo na watu huvikosa.