Mkuu, hilo rundo la majani liondoe leo, usingoje mwezi wa nne

Acha kabisa! Mambo ya mbegu na bei ya sokoni uliyouliza tutafika, ila hapo uliposema mabaki ya matango unayarundika pembeni kwenye miti, eti baridi ya hapa Iowa, Marekani, itamaliza wadudu, niliweka simu chini nikanywa maji kwanza. Ni mimi yule wa 2018.

Aliyenidanganya ni jamaa wa shamba la jirani, mzoefu kwa mdomo wake mwenyewe. "Huku baridi ndiyo dawa." Nikamwamini kama mganga. Mtu wa Morogoro nitajulia wapi theluji? Nikarundika majani makavu mpaka kiunoni, hatua tano kutoka kwenye tuta.

Januari 2019 ikapiga baridi ya zaidi ya nyuzijoto 25 chini ya sifuri. Niko ndani na chai yangu, nacheka: wamekwisha hao. Kumbe wale mbawakawa wa matango, wa njano wenye mistari mitatu myeusi, hulala majira yote ya baridi wakiwa wameshakomaa, chini ya majani na kwenye kingo za msitu. Udongo ulio wazi huganda, lakini majani yakifunikwa na theluji ni blanketi, huko chini baridi haifiki kama ya juu. Mimi natetemeka kituoni nasubiri basi, wao wako kwenye godoro nililowatandikia, na kodi hawalipi.

Mwisho wa Mei nikapandikiza miche 180 ya matango, bila kuifunika. Wakaamka na njaa. Kutoboa majani ningevumilia. Shida ni kinyesi chao: kina bakteria, na bakteria hao huingia kwenye vidonda vya jani na kuziba njia za maji. Mche unanyauka na udongo umelowa! Nikakata shina, nikagusanisha vipande, nikavuta polepole, ukatoka ute kama uzi. Hapo hakuna dawa, ng'oa. Msimu mzima nilivuna ndoo mbili. Mpaka leo mama watoto akinunua tango dukani ananionyesha risiti. Matikiti maji ya tuta la pili tu ndiyo yalipona, ugonjwa huo hauyawezi.

Najua wengine watatoka msituni. Hao funikia miche kitambaa chepesi siku hiyohiyo unayopandikiza, ufunue ikianza kutoa maua, nyuki wapite. Ila wa kwenye rundo umewaalika mwenyewe. Rundo lisikutwe na theluji karibu na tuta, basi. Toroli unayo? Kama huna, azima leo.